UZI: Friji halikati, umeme unakwenda mbio, na chakula bado kinaharibika. Tuanzie wapi?

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni ufundi wa friji, na malalamiko mawili ninayoyasikia kuliko mengine hutoka ndani ya nyumba moja: umeme unakwenda mbio, na chakula hakikai. Wengi wanayaona kama mambo yanayovutana. Ukitaka nyama ikae vizuri, kubali bili. Ukitaka kubana matumizi, vumilia maziwa kuchacha. Ndiyo maana utamkuta mtu anazima friji kila usiku ili aokoe umeme, halafu baada ya siku mbili anamwaga chakula chenye thamani kubwa kuliko huo umeme aliouokoa. Nimefungua uzi huu kwa sababu chanzo cha matatizo yote mawili mara nyingi ni kimoja: joto linaingia pasipotakiwa, au linashindwa kutoka panapotakiwa. Ukilidhibiti hilo, bili inashuka na chakula kinakaa.

Friji linahamisha joto. Ndani ya mabomba yake kuna gesi inayogeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, mzunguko usiokoma. Inapogeuka mvuke kwenye mabomba ya ndani, inanyonya joto la hewa na la chakula. Kompresa inaivuta na kuikandamiza, inapata moto, kisha inapita kwenye mabomba ya nje na kuliacha joto lile chumbani. Mabomba hayo huwa mgongoni, na kwa mafriji mengi ya siku hizi yamefichwa mbavuni. Kwa hiyo ukigusa ubavu wa friji lako ukaukuta una joto, usishtuke. Limo kazini.

Joto linaingiaje? Sehemu kubwa hupenya kwenye kuta za friji, polepole, saa 24, hata nyumba ikiwa tupu. Kinachoamua kasi yake ni tofauti ya joto kati ya nje na ndani. Chumba kikiwa na nyuzi joto 30 na ndani ya friji ni 4, tofauti ni 26. Ukikaza baridi mpaka nyuzi 1, tofauti inakuwa 29, yaani joto linalopenya limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 11, na chakula hakijapata faida yoyote ya maana. Geuza hesabu hiyo: friji lililobanwa kwenye kona ya jiko yenye nyuzi 35, ukilihamishia mahali penye nyuzi 28, joto linalopenya linapungua kwa zaidi ya moja ya tano. Hujanunua kitu. Umesukuma friji tu.

Kwa hiyo kabla ya kuniita mimi au fundi mwingine yeyote, fanya haya.

Tafuta kipimajoto. Ni kifaa kidogo na cha bei ndogo ukilinganisha na chakula kinachotupwa. Kizamishe kwenye glasi ya maji, weka glasi rafu ya katikati, ilale usiku kucha, asubuhi soma kabla watu hawajaanza kufungua mlango. Sababu ya maji ni kwamba hewa ya ndani hupanda na kushuka kila kompresa inapowaka na kukata, lakini maji yanakuonyesha joto ambalo chakula chenyewe kinalihisi. Unatafuta nyuzi 4 au chini kidogo ya hapo, bila kufika sifuri. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Zile namba za kwenye kitufe, 1 hadi 5 au 1 hadi 7, hazina uhusiano na nyuzi joto. Zinaonyesha tu ukali, na kwa mafriji mengi namba kubwa ndiyo baridi kali. Geuza hatua moja, subiri siku nzima, pima tena. Ukigeuza mara tatu kwa saa moja hutajua ulichofanya.

Kisha kagua mpira wa mlango. Chukua karatasi nyembamba, ifungie mlangoni nusu iwe ndani nusu nje, halafu ivute. Inatakiwa ikupe upinzani. Ikiteleza kama haijashikwa, pale hewa inapita. Zunguka mlango wote, hasa pembe za chini na upande wa bawaba, maana huko ndiko watu hawaangalii. Mara nyingi mpira haujafa, ni uchafu tu. Mafuta na sukari ya vinywaji vilivyomwagika hushika kwenye mikunjo yake, ukauka, ukagoma kulala vizuri. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, pitisha kitambaa ndani ya kila mkunjo, ukaushe. Uliokunjamana unaweza kulainika kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, ukaunyoosha kwa vidole na kufunga mlango ukae. Uliochanika, badilisha.

Mwisho angalia mgongoni. Chomoa waya kwanza. Vumbi likishika kwenye yale mabomba, joto halitoki, kompresa inafanya kazi muda mrefu kupata baridi ile ile. Brashi laini inatosha. Na lipe friji nafasi ya kupumua, kama sentimita 10 nyuma kama kijitabu chake hakijasema vingine, na juu pia pasibanwe. Lisikae jirani na jiko wala mahali jua la dirishani linapolifikia.

Karibuni kwa maswali. Mwenye uzoefu aongeze.

Tabasamu

Asante sana mkuu. Swali langu ni hilo la kuzima usiku. Kwetu tunazima saa nne usiku tunawasha saa kumi na mbili asubuhi, mlango haufunguliwi kabisa. Kweli hatuokoi kitu?

Mleta uzi

Dada Tabasamu, unaokoa kidogo sana, na unacholipa ni kikubwa.

Ukizima, joto haliachi kupenya. Linaingia usiku kucha na kukaa ndani ya chakula. Asubuhi ukiwasha, kompresa inazunguka mfululizo kulitoa lile lile ambalo lingetolewa kidogo kidogo usiku. Unachookoa ni ile tofauti ndogo tu, kwamba ndani pakishapata joto kasi ya kupenya inapungua. Tena usiku chumba kimepoa, ndio wakati friji linapofanya kazi yake kwa urahisi kuliko wakati wowote.

Na chakula je? Bila umeme, friji lililofungwa linashikilia baridi salama kwa takriban saa 4. Ninyi mnazima saa 8. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kila usiku, nyama, maziwa na viporo vyenu vinakaa juu ya nyuzi 5, na hapo ndipo bakteria wanapoanza kuongezeka kwa kasi. Eneo la hatari ni kati ya nyuzi 5 na 60. Palipo joto zuri kwao, baadhi hugawanyika kila dakika 20. Asubuhi ukirudisha baridi hujawaua, umewasimamisha tu wakiwa wengi kuliko jana. Kesho unawaongezea usiku mwingine.

Liache liwake, dada. Ukitaka kuokoa, rudi kwenye mpira na mgongo.

ChumaChakavu

Mkuu umeeleza vizuri ila kuna mtu atasoma kichwa cha uzi akimbilie kwa fundi bure. Friji lenye kompresa ya inveta halikati kama yale ya zamani. Linapunguza mwendo na kuendelea polepole. Langu unaweza kukaa nalo muda mrefu usisikie limekata, na matumizi yake ni madogo kuliko lile la zamani lililokuwa likikata kila mara.

Mleta uzi

Kweli kabisa, kaka, na nashukuru umeliweka wazi. Kompresa ya kawaida ina hali mbili tu, imewaka au imekata. Ya inveta hubadili mwendo kulingana na mahitaji, kwa hiyo kuzunguka muda mrefu kwa sauti ndogo ni tabia yake. Dalili ya kutokata nisemayo ni ya kompresa ya kawaida: usiku umetulia, mlango haujaguswa, na bado haikati hata kidogo. Hapo kagua mpira, vumbi, barafu iliyozidi, au mahali lilipo. Ukimaliza vyote hivyo na bado halikati wala halipoi, huenda gesi imepungua au thamostati, kile kifaa kinachopima baridi na kuiamuru kompresa iwake au ikate, imekufa. Hapo ndipo fundi anapohitajika. Na gesi haiishi yenyewe kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi kwako.

Njia ya uhakika ya kujua matumizi ni mita. Usiku, zima kila kitu isipokuwa friji, soma mita, soma tena asubuhi. Gawanya uniti zilizotumika kwa saa zilizopita, zidisha kwa 24. Linganisha na kibandiko cha friji lako. Kama kimeandikwa kilowati-saa 292 kwa mwaka, gawanya kwa 365, unapata 0.8 kwa siku, na uniti moja ndiyo hiyo kilowati-saa moja. Chumba chenye joto na mlango unaofunguliwa sana vitaipandisha, hilo ni la kawaida. Ukikuta mara mbili au tatu yake, kuna tatizo.

MpishiZamu

Mimi nipo upande wa chakula. Nimepika jikoni za watu wengi kwa miaka mingi, na nikifungua friji la nyumbani la mtu naona mpangilio ulivyo kinyume. Nyama mbichi rafu ya juu, inadondosha maji kwenye chakula kilichokwisha pikwa. Maziwa mlangoni.

Chini kabisa, juu ya droo, ndipo pa nyama na samaki wabichi, ndani ya bakuli lenye kingo. Hata maji yakitoka hayana pa kudondokea. Kilichopikwa na kinacholiwa bila kupikwa kikae juu. Mlangoni ndipo penye joto kuliko kwote, na panapata joto jipya kila unapofungua, kwa hiyo weka vitu visivyoharibika upesi: vinywaji, achari, sosi, siagi. Maziwa na mayai vipelekwe ndani kwenye rafu, hata kama mtengenezaji ameweka vishimo vya mayai mlangoni.

Na viporo, tafadhali, ndani ya chombo chenye mfuniko. Mfuniko unazuia harufu, unazuia chakula kukauka, na unazuia unyevu wake usiende kugeuka barafu kwenye friza.

Sasa nina swali kwa fundi. Chakula cha moto kiingizwe au kisiingizwe? Maana hili linagombanisha watu.

Mleta uzi

Mpishi, swali lako ni zuri, acha nilipigie hesabu.

Chukua lita 2 za mchuzi zenye nyuzi 90. Ukiziingiza moja kwa moja badala ya kusubiri zipoe hadi nyuzi 30, umeingiza joto la ziada la kama kilojuli 500, sawa na kilowati-saa 0.14. Kwa kuwa friji huhamisha joto jingi kuliko umeme linaotumia, gharama yake haizidi sana moja ya kumi ya uniti. Si kitu cha kukufilisi. Ubaya mkubwa upo kwa majirani: sufuria ile inapasha joto maziwa na nyama vilivyo kando yake, mvuke wake unaganda kuwa barafu, na katikati ya sufuria panabaki vuguvugu kwa saa nyingi kwa sababu chakula kingi kilichorundikana hakipoi haraka popote ukiweke, hata ndani ya friji.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, yaani kuacha sufuria juu ya jiko tangu jioni mpaka usingizi ukuchukue. Chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 nje. Kama joto la chumba linapita nyuzi 32, saa 1.

Njia ya katikati: gawa chakula kwenye vyombo vya kina kifupi, visizidi urefu wa vidole vitatu au vinne vilivyolala. Weka vyombo hivyo kwenye beseni la maji baridi, koroga mara moja moja. Mvuke mkali ukishaisha, ingiza ndani, viachie nafasi hewa ipite kati yake, mifuniko uikaze vikishapoa. Ndani ya muda mfupi umepoza chakula bila kulitesa friji.

NdegeMtini

Mimi sijaelewa hizi tahadhari nyingi. Tumekula kiporo cha siku nne tano tangu utotoni, unanusa, kikiwa sawa unapasha mpaka kichemke, unakula. Kuchemka si kunaua kila kitu?

MpishiZamu

Naomba nijibu hili kabla ya fundi, maana nimewaona watu wakiugua.

Kuchemka kunaua bakteria wengi, ni kweli. Hakuondoi sumu ambayo baadhi yao wameshaitoa. Staphylococcus, anayekaa kwenye ngozi na pua za watu, akipata chakula vuguvugu anatoa sumu isiyoharibika hata ukichemsha. Bacillus cereus ndiye wa wali. Huishi kwenye mchele akiwa kwenye ganda gumu linalovumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa nje ukiwa vuguvugu anaamka, anaongezeka, anatoa sumu, na sumu yake inayoleta kutapika haiondoki kwa kupasha. Ndiyo maana wali upozwe haraka, ndani ya saa moja ikiwezekana, na usikae siku nyingi.

Kunusa nako hakutoshi, ndugu yangu. Wanaoleta harufu mbaya na utelezi ni kundi jingine. Wale wanaoleta ugonjwa mara nyingi hawabadili harufu, rangi wala ladha. Na yupo Listeria, ambaye anaendelea kuongezeka hata ndani ya baridi ya friji, taratibu. Kwa mtu mwenye afya huenda asimsumbue. Kwa mjamzito anaweza kuhatarisha mimba, na kwa wazee, watoto wachanga na wagonjwa ni hatari kweli. Nyumba nyingi zina mmoja wao.

Mimi nafuata hivi: kiporo siku 3 hadi 4. Nyama ya kusaga, kuku na samaki wabichi siku 1 hadi 2. Vipande vya nyama nyekundu mbichi siku 3 hadi 5. Zaidi ya hapo peleka friza mapema, tangu siku ya kwanza, usingoje mpaka siku ya mwisho ndipo ugandishe. Kiporo ukipashe mpaka katikati yake kifoke moto, nyuzi 74 kama una kipimajoto cha chakula, na upashe kile tu utakachokula. Kupasha sufuria nzima kila siku na kuirudisha ni kuipitisha kwenye eneo la hatari kila siku.

Bandika kikaratasi chenye tarehe. Kazi ya sekunde chache.

NdegeMtini

Nimekuelewa, mpishi. Mama yangu anaishi nasi na ana umri mkubwa. Nitaanza na hizo tarehe. Basi nisaidieni na mboga, maana kwenye droo zinaoza ndani ya siku mbili na nyingine zinakuwa njano.

Mleta uzi

Mara nyingi zinauawa na matunda mliyoyaweka pamoja. Tufaha, parachichi, embe na ndizi zinazoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo ndiyo huivisha matunda. Mboga za majani zikiivuta zinageuka njano upesi, na karoti inakuwa chungu. Tenganisha droo. Kama droo ina kitelezo cha kufungua na kufunga tundu la hewa, ya majani ifunge ili unyevu ubaki, ya matunda ifungue ili gesi itoke.

Majani yasiingie yakiwa yamelowa. Ukiosha, yakung'ute na kuyakausha, yafunge kwenye kitambaa au karatasi ya jikoni inayonyonya maji, kisha kwenye mfuko usiobanwa sana. Karatasi ikilowa, badilisha.

Halafu kuna vitu ambavyo friji linaviharibu, na ukivitoa unapata nafasi. Ndizi chini ya nyuzi 13 inageuka nyeusi na kuacha kuiva vizuri. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa chini ya nyuzi 12 inapoteza ladha. Viazi kwenye baridi ya friji hugeuza wanga wake kuwa sukari, ukivikaanga vinakuwa vyeusi na kutoa akrilamaidi zaidi, kemikali ambayo si nzuri kwa afya. Vikae mahali penye giza, pakavu, penye hewa, na visikae kapu moja na vitunguu. Mkate nao unachakaa haraka kwenye friji kuliko mezani. Kama hutaumaliza, kata vipande ugandishe.

Mgeni_Rasmi

Naomba kuuliza kuhusu friza. Yangu inajaa barafu mpaka droo hazivutiki. Mwenzangu anachokonoa kwa kisu, anasema tumefanya hivyo siku zote.

Mleta uzi

Mwambie aache leo, tafadhali. Nyuma ya barafu hiyo kuna bomba jembamba la alumini. Kisu kikiligusa, gesi inatoka, na kulitengeneza kunaweza kukaribia bei ya friji jingine. Isitoshe mafriji mengi ya sasa yana gesi ya R600a, ambayo ni isobutani. Haidhuru tabaka la ozoni kama zile za zamani zilizoondolewa kufuatia Mkataba wa Montreal wa 1987, lakini inashika moto. Soma kibandiko nyuma kwenye kompresa, kimeandikwa.

Barafu yenyewe ni unyevu wa hewa iliyoingia mlangoni. Ikipita unene wa milimita 5 hivi inakuwa blanketi: bomba liko baridi, chakula hakipati baridi hiyo, kompresa haipumziki. Chagua siku ambayo friza ina vitu vichache. Vifunge kwenye mablanketi au kasha la kutunzia baridi, chomoa waya, fungua mlango, weka ndani bakuli la maji ya moto juu ya kitambaa, tandika matambara sakafuni. Barafu itaachia yenyewe kwa mapande. Kausha kabisa kabla ya kuwasha. Na kama inarudi kujaa ndani ya wiki chache, tatizo ni mpira wa mlango, fanya jaribio la karatasi.

Wenye friji lisiloota barafu hawana kazi hii, linajiyeyusha lenyewe. Wao waangalie matundu ya hewa ndani yasizibwe na mifuko, maana baridi yote inaletwa na feni kupitia hapo.

ChumaChakavu

Naongeza kuhusu friza kujaa na kuwa tupu. Friza iliyojaa inashika baridi muda mrefu umeme ukikatika. Ikiwa na nafasi, jaza chupa za maji, ziache upenyo kidogo juu maana maji yakiganda yanatanuka. Ila friji la kawaida lisishindiliwe, hewa inahitaji njia.

Tabasamu

Umeme ukikatika siku nzima tunatupa nini na tunabakiza nini? Hili ndilo linaloniumiza zaidi.

Mleta uzi

Dada, cha kwanza ni kutofungua. Friji saa 4, kama nilivyosema. Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, inaweza kuhimili takriban saa 48, iliyo nusu kama saa 24. Ukijua katizo litakuwa refu, hamishia chupa zako zilizoganda kwenye rafu za friji.

Umeme ukirudi, cha kwenye friza chenye chembe za barafu bado, au kilicho baridi ya nyuzi 4 au chini, unaweza kukigandisha tena. Ubora utapungua kidogo, lakini ni salama. Nyama, samaki, maziwa na viporo vilivyokaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, mwaga, hata kama roho inauma. Siagi, jibini ngumu, matunda mazima na achari vinaweza kubaki.

Kama huwa mnasafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache kwenye friza. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini, umeme ulikatika kwa muda mrefu na vitu viliyeyuka, hata kama sasa vimeganda tena.

Na friji likizimika, lisubiri dakika 5 kabla ya kuliwasha tena. Msukumo wa gesi unahitaji kusawazika kwenye mabomba. Kompresa ikilazimishwa kuwaka mapema inavuta umeme mwingi, inapata moto, na huko ndiko nyingi zinakofia. Kuna vifaa vya kulinda friji vinavyochelewesha kuwaka na kukata umeme ukiwa mdogo au ukizidi. Palipo na umeme wa kuyumba, navishauri.

MpishiZamu

Jingine la kuokoa umeme ambalo halijatajwa: kuyeyusha nyama. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, itoe friza uiweke rafu ya chini ya friji. Inayeyuka salama, na baridi yake inalisaidia friji badala ya kupotea mezani. Usiyeyushe juu ya meza, maana nje inakuwa vuguvugu huku ndani ni jiwe.

Na unapogandisha, gandisha kwa mafungu ya mlo mmoja, bapa, hewa yote ukiikamua. Yale mabaka meupe makavu kwenye nyama ya friza ni maji yaliyotoka na kupotelea hewani. Hayadhuru, ila sehemu hiyo inakuwa ngumu na haina ladha.

Mgeni_Rasmi

Samahani, la mwisho. Baba anatumia insulini na tunaiweka rafu ya juu, karibu na friza. Pako sawa?

Mleta uzi

Pole na mzee, ndugu. Hapo paondoeni. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8, na jirani na friza au ikigusana na ukuta wa nyuma inaweza kuganda. Iweke rafu ya katikati, kwa mbele, ndani ya boksi lake, na kile kipimajoto kikae kando yake muda wote. Ikiganda hata mara moja haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Iliyokwisha funguliwa ina maelekezo yake kwenye karatasi ya ndani, kwa hiyo fuateni hayo, na mkiwa na shaka mwulizeni mfamasia kabla mzee hajaitumia.